Kuondoa programu za kiwandani kwenye simu iliyorutiwa: "kufuta" si neno moja

Mama alinipigia jioni moja kutoka Tanga. Simu yake ilikuwa inakataa kupokea picha za harusi ya binamu yangu. "Mwanangu, inaniambia imejaa, na mimi sijaweka kitu humu." Alisema kweli. Ilinunuliwa ikiwa ya GB 32, na siku inatolewa kwenye boksi karibu nusu ilikuwa imeshaliwa. Nilipofika likizo nikaipekua: duka la pili la programu, vivinjari viwili, michezo mitatu, programu ya hali ya hewa iliyojaa matangazo, na nyingine ya "kusafisha simu" ambayo nayo inasukuma matangazo usiku kucha na kula bando. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na kitufe cha Sanidua.

Mimi mwenyewe nina simu ya pili ya kujifunzia niliyoiruti, yaani nimejipa mamlaka yote juu ya mfumo wake. Wanaojua hivyo huniuliza swali lilelile: niruti simu ili nifute hizi takataka? Zamani ningejibu ndiyo bila kusita. Siku hizi humuuliza kwanza anamaanisha nini anaposema "kufuta", kwa sababu ndani ya Android neno hilo lina kazi nne tofauti, na aliye na mamlaka yote ya simu ndiye anayehitaji zaidi kuzijua.

Tuanzie kwenye hifadhi yenyewe. Memori ya simu imekatwa vipande tangu kiwandani. Kimoja kinaitwa /system, na siku hizi kina ndugu zake kama /product, /system_ext na /vendor. Humo ndimo unapokaa mfumo pamoja na programu zilizokuja na simu: za kawaida kwenye folda ya app, na zenye upendeleo kwenye folda ya priv-app. Hizi za pili zinaweza kupewa ruhusa ambazo programu uliyoipakua mwenyewe haipewi, kwa mfano kusakinisha programu nyingine bila kukuuliza. Vipande hivi husomwa tu, haviandikwi. Kipande kingine kinaitwa /data, na hicho ndicho chako. Picha, ujumbe, programu ulizopakua na masasisho yote hukaa humo.

Ukilishika hilo, mambo mawili yanayowasumbua watu yanaeleweka. La kwanza ni kwa nini programu za kiwandani hurudi baada ya kuriseti simu. Kuriseti hufuta /data peke yake. /system haiguswi, kwa hiyo kilichokuwamo siku ya kwanza kipo vilevile. La pili linauma zaidi: ukifuta programu kutoka /system, nafasi yake hairudi kwako. Kipande kile kina ukubwa uliopangwa, na tundu unaloacha humo haliwezi kupokea hata picha moja ya harusi.

Chukua programu moja ya mfano. Ya kiwandani, iliyoko /system, ina MB 100. Tangu ununue simu imejisasisha, na sasisho la MB 250 limekaa /data. Juu yake imejikusanyia MB 400 za data zake. Ukijumlisha vyote utaona umepata adui wa MB 750. Lakini unachoweza kukomboa ni MB 650 tu, na zote zinakombolewa bila kuruti: unafungua ukurasa wa programu hiyo, unasanidua masasisho, unafuta data, kisha unabonyeza Zima. Kitufe hicho cha kuzima kimekuwapo tangu Android 4.0 ya mwaka 2011. Kwenye simu ya mama, kazi hiyo peke yake ilirudisha zaidi ya GB 2, na picha zikaanza kuingia mbele ya macho yake.

Basi root inabaki na kazi gani? Kuna programu ambazo kitufe cha Zima kimepaushwa, hakibonyezeki. Kuna zinazojiwasha zenyewe baada ya sasisho la mfumo. Na kuna zile za folda ya priv-app ambazo mtu hataki ziwe na mamlaka hayo ndani ya simu aliyoilipia. Hapo sizungumzii MB tena. Nazungumzia nani anaamua nini kinaendeshwa mfukoni mwangu, na jambo hilo nalichukulia kwa uzito.

Kuruti ni kujipa cheo cha mtumiaji mkuu, yule ambaye Linux iliyo chini ya Android humwita "root". Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, G1 ya HTC iliyotoka Marekani mwezi Oktoba 2008, haikuchukua hata miezi miwili kabla watu hawajakipata cheo hicho. Na walikipata kwa namna ya ajabu: kila kilichoandikwa kwenye kibodi yake kilikuwa kinapelekwa pia, kimyakimya, kwenye mlango wa amri wenye mamlaka ya root. Mtu aliandika neno "reboot" katikati ya mazungumzo, simu ikajizima na kuwaka upya. Google waliziba tundu hilo haraka, lakini hamu ilikuwa imeshaamka.

Miaka iliyofuata, kufuta kulikuwa kufuta kweli. Unafungua /system kwa kuandika, unaingia folda ya app, unafuta faili la APK (ndilo faili la programu yenyewe), unawasha simu upya. Nami nilifanya hivyo. Usiku mmoja, nikiwa na simu niliyoipenda sana, nilifuta folda moja ya priv-app ambayo jina lake halikuniambia kitu. Simu ikawaka, nembo ikatokea, ikazima, nembo ikatokea tena, hadi chaji ikaisha. Kuirudisha kulihitaji mfumo mzima wa awali wenye GB kadhaa, kompyuta ya kuazima na siku tatu, na picha za mwaka mzima sikuzipata tena. Ninawaandikia wanaoanza nikiikumbuka nembo ile.

Tangu hapo Android imeufunga mlango huo kidogo kidogo. Toleo la 4.4 la mwaka 2013 lilileta ukaguzi wa kipande cha mfumo wakati simu inasoma kutoka humo, na kuanzia 7.0 ya mwaka 2016 ukaguzi huo ukawa wa lazima: simu ikigundua kipande kimechezewa inaweza kukataa kuwaka. Kisha ikaja Android 10 mwaka 2019. Simu nyingi zilizotoka kiwandani na toleo hilo au jipya zaidi zina /system iliyobanwa hivi kwamba data zinazofanana huhifadhiwa mara moja na kushirikiwa na mafaili mengi. Ukibadilisha faili moja unaharibu na jirani zake, kwa hiyo mfumo haukubali kabisa kufunguliwa kwa kuandika. Una root, unaandika amri ya kufungua, unajibiwa kwamba kipande ni cha kusoma tu. Wengi hudhani hawakuruti vizuri, wakati walichofuata ni maelezo ya mwaka 2014.

Kwa hiyo leo, mwenye simu iliyorutiwa ana njia tatu anazoweza kuziamini, na ya nne ya kuihofia.

Ya kwanza ni kugandisha. Programu inabaki ilipo pamoja na data zake, lakini haiendeshwi na haionekani. Kwa root amri, unayoiandika kwenye dirisha la amri, ni fupi (jina.la.kifurushi ni jina ambalo mfumo huitambulia programu):

pm disable jina.la.kifurushi

Ukitaka irudi unaandika pm enable. Hii ndiyo ninayoanza nayo kila mara, na huiacha simu wiki nzima kabla ya kuendelea. Matatizo mengine hayajitokezi siku ileile. Unayaona siku ya tatu, unapotaka kuunganisha spika ya Bluetooth.

Ya pili ni kuiondoa kwa mtumiaji. Android inaruhusu simu moja kuwa na watumiaji kadhaa, na mwenye simu ndiye mtumiaji namba 0. Amri hii humwondolea yeye programu pamoja na data zake, huku faili la awali likibaki /system:

pm uninstall --user 0 jina.la.kifurushi

Na ya kuirudisha:

cmd package install-existing jina.la.kifurushi

Na hii haihitaji kuruti. Unabonyeza Nambari ya muundo mara saba, unaingia Chaguo za wasanidi, unawasha Utatuzi wa USB, unaunganisha simu na kompyuta yenye adb (zana ya kutuma amri kwenye simu kutoka kompyuta), na amri hiyohiyo inafanya kazi ukitanguliza adb shell. Kuanzia Android 11 utatuzi unaweza kupita kwenye Wi-Fi, kwa hiyo hata waya si lazima. Sehemu kubwa ya wanaotaka kuruti ili kufuta takataka, dawa yao ilikuwa hapa. Sanidua tu masasisho ya programu husika kwanza, ili faili kubwa la sasisho lisibaki /data likikalia nafasi yako.

Ya tatu ndiyo inayohitaji root kwelikweli, nayo ni kuficha. Mwaka 2016 John Wu, kijana wa Taiwan aliyekuwa bado mwanafunzi, alitoa Magisk. Wazo lake lilikuwa kutogusa /system hata kidogo. Magisk hukaa kwenye kipande kinachowasha simu, na kila simu inapowaka hutandika juu ya mfumo mwonekano mwingine wa mafolda. Mfumo ukichungulia folda ya programu fulani, unakuta tupu. Faili halisi liko chini yake, salama, na ukaguzi haulioni limeguswa.

Nitaeleza kwa karibu ninavyofanya, kwa kuwa hapa ndipo watu hukosea. Nataka kuficha programu moja. Ninauliza kwanza iko wapi:

pm path jina.la.kifurushi

Jibu likianza na /data/app, sijafika. Hilo ni sasisho, la kiwandani limejificha nyuma yake. Ninasanidua masasisho na kuuliza tena. Sasa linakuja, tuseme, /product/app/Hewa/Hewa.apk. Naingia /data/adb/modules, natengeneza folda ya moduli yangu (moduli ni nyongeza ambayo Magisk huipakia simu inapowaka), naweka ndani yake faili la module.prop lenye jina na toleo, kisha natengeneza njia system/product/app/Hewa na ndani ya folda ya mwisho naweka faili tupu liitwalo .replace. Nukta mwanzoni ni ya lazima. Magisk ikiona faili hilo, inaifanya folda ya Hewa ionekane tupu kwa mfumo mzima. Nawasha simu upya, na programu haipo hata kwenye orodha ya mfumo. Angalia kwamba njia imeanza na system hata kama programu ilikuwa /product. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kosa hilo.

Kuna moduli zilizotengenezwa tayari zinazofanya kazi hii kwa kubonyeza vitufe, na hazina ubaya. Hata hivyo, mtu aliyeiandika moduli ya kwanza kwa mkono wake anajua pa kugusa mambo yakiharibika.

Ya nne ni kufuta moja kwa moja kutoka kipande cha mfumo, kwa kutumia rikavari maalumu (mfumo mdogo wa pembeni wa kurekebishia simu) au kwa kulijenga upya faili la mfumo. Inawezekana. Sijaona sababu ya kuipendekeza kwa mtu yeyote anayeitegemea simu yake.

Ninapima njia hizi kwa swali moja: nikikosea, narudije? Ukigandisha kisichostahili, unagandua, almradi simu imewaka. Ukiondoa kwa mtumiaji na simu ikakwama kwenye nembo, mara nyingi kuriseti kutoka rikavari kunairudisha, ila data zimekwenda. Ukificha kwa Magisk na simu ikakwama, unaiwasha katika hali salama na moduli zote zinazimwa. Au kama adb ilikuwa imeruhusiwa tangu mwanzo, unaiunganisha na kompyuta na kuandika adb wait-for-device shell magisk --remove-modules, data zako zikiwa palepale. Ukifuta kweli, unaanza kutafuta mfumo wa awali wa kuflashi, yaani wa kuuandika upya kwenye simu. Anayeficha ana njia ya kurudi iliyo bora kuliko wote, na hapo ndipo root inapolipa gharama yake.

Sasa vya kutogusa. Orodha za vifurushi vya kuondoa zimezagaa mtandaoni, na nyingi ziliandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa maisha yao. Nimeona mara nyingi com.android.stk ikiwekwa kati ya visivyo na kazi. Hicho ndicho kifurushi cha menyu ya laini. Nchini Kenya, menyu ya M-Pesa ya Safaricom inaishi humo, na hata lile dirisha linalochomoza dukani likikutaka uweke namba ya siri linapitia humo. Mtu wa Berlin hatakikosa kamwe. Mtu wa Kisumu atakikosa akiwa mbele ya muuza duka. Sisi wa Tanzania tunaopiga *150*00# tunategemea zaidi com.android.phone, nacho hakiguswi hata kwa ndoto.

Viache pia com.android.systemui, mipangilio yenyewe, com.android.providers.telephony, WebView (inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine), kidhibiti cha ruhusa na kisakinishi cha programu. Kwenye simu za Xiaomi, com.miui.securitycenter na com.xiaomi.finddevice zinajulikana kwa kuikwamisha simu zikiondolewa, japo majina yake yanaonekana kama ya programu za ziada tu. Huduma za Google Play zinaweza kuondolewa na anayejua anachofanya, lakini arifa, ramani na programu nyingi za kila siku zitayumba. Kuhusu kibodi, usiondoe ya kiwandani kabla ya kuweka nyingine na kuijaribu, hasa kama simu yako inafunguliwa kwa neno la siri la herufi. Simu ikiwaka upya bila kibodi inayofanya kazi kabla ya kufunguliwa, huna pa kuliandikia neno hilo.

Vinavyoweza kwenda bila majuto ni vingi. Mfano unaojulikana ni vile vifurushi vya Facebook vinavyobaki hata baada ya kuondoa Facebook yenyewe: com.facebook.system, com.facebook.appmanager na com.facebook.services. Kazi yao ni kusakinisha na kusasisha programu za kampuni hiyo. Kama huna akaunti yao, havina sababu ya kuwapo.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa. Watafiti wa Madrid, wa IMDEA Networks na Chuo Kikuu cha Carlos III, walichunguza programu za kiwandani zaidi ya 82,000 kutoka simu zaidi ya 1,700 za kampuni 214, na wakaonyesha jinsi mfumo mzima wa wauza matangazo na wakusanya data ulivyojipenyeza humo mwenye simu asijue. Januari 2020 mashirika zaidi ya 50, yakiongozwa na Privacy International, shirika la kutetea faragha, yaliiandikia Google barua ya wazi yakitaka watu waweze kuziondoa programu hizi moja kwa moja. Umoja wa Ulaya ukaenda mbele na sheria ya masoko ya kidijitali, ambayo tangu Machi 2024 inazilazimisha kampuni kubwa zilizotajwa chini yake kurahisisha uondoaji. Wanunuzi wa simu za bei nafuu wa kwetu, ambao GB 32 zao ndizo zinazobanwa zaidi, hawana kinga kama hiyo.

Na wakati mwingine kilichomo si kero tu. Mwaka 2019 Google ilieleza jinsi programu hasidi ya Triada ilivyopenyezwa ndani ya mfumo wa baadhi ya simu na wakandarasi wa nje, kabla simu hazijafika dukani. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kuikuta Triada na programu hasidi nyingine, xHelper, kwenye simu za Tecno W2 katika nchi kama Ethiopia, Misri, Ghana, Kameruni na Afrika Kusini, ikiwa imezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion, wenye Tecno, walisema chanzo kilikuwa mgavi katika mnyororo wa utengenezaji. Ninaitaja kwa sababu ya kiufundi: hasidi wa namna hiyo anaweza kukaa ndani ya maktaba za mfumo badala ya kuwa kifurushi chenye jina lake, kwa hiyo kugandisha na kuficha havimfikii. Simu kama hiyo huhitaji mfumo safi uliotolewa na mtengenezaji, au kuachwa.

Root yenyewe ina bei. Kufungua butiloda, ile programu inayowasha mfumo na ambayo kwa kawaida lazima ifunguliwe ili kuruti, hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, kwa hiyo bekapu hutangulia. Samsung huwa na fyuzi ya kielektroniki ndani ya Knox, mfumo wake wa usalama, na kuruti huikata. Ikikatika haiungiki tena, na Folda Salama haitafanya kazi hata ukirudisha mfumo wa awali. Programu nyingi za benki huuliza Google kama simu ni salama, na zikijibiwa hapana hukataa kufunguka. Masasisho ya mfumo yanayokuja kupitia mtandao hugoma au huiondoa root, inabidi uirudishe kila mara. Na simu yenye butiloda iliyo wazi, ikiibiwa, ina ulinzi mdogo kuliko mwenzake. Kwa hiyo sijairuti simu ninayotunzia pesa.

Simu ya mkopo ni jambo la pekee. Ile programu inayofunga simu usipolipa nayo ni ya kiwandani, na wapo wanaojitangaza kwamba wanaiondoa. Mpaka umalize deni, hiyo si simu yako kamili, na mtu unayemwachia awe na mamlaka ya root juu yake anaweza kukuachia kibaya zaidi ya kufuli.

Ya mama sikuiruti. Nilikaa naye kibarazani na kompyuta, nikaorodhesha vifurushi, nikaondoa kumi na tisa kwa mtumiaji 0, kila jina nikiliandika kwenye daftari lake la mahesabu. Wiki mbili baadaye akanipigia: simu nyepesi, picha zote zimeingia, ila redio haioni. Nilikuwa nimeiondoa pamoja na michezo, nikidhani hakuna anayesikiliza redio ya simu siku hizi. Kumbe kila asubuhi yeye huchomeka waya wa masikioni na kusikiliza taarifa ya habari akipika. Binamu yangu alikuwa pale na kompyuta yake. Mama akanisomea jina kutoka daftarini, nukta kwa nukta, binamu akaandika install-existing, na kabla hatujakata simu nikaisikia sauti ya mtangazaji.